Netflix Inapokwama Kwenye Fire TV Stick: Tafuta Chanzo Kabla ya Kufuta Chochote

Programu ya Netflix inapogoma kufunguka kwenye Fire TV Stick, kile kijiti cha Amazon kinachochomekwa kwenye tundu la HDMI (la picha na sauti) la televisheni, au inapofunguka kisha kiduara kikabaki kinazunguka bila picha kutokea, wengi wetu hukimbilia kuifuta na kuipakua upya, au hata kukirudisha kifaa chote katika hali ya kiwandani. Njia hiyo huponya mara nyingine, lakini ina gharama: bando linaliwa na upakuaji, nywila zote zinadaiwa upya, na tatizo linaweza kubaki palepale kwa sababu halikuwamo ndani ya programu. Ninashauri kuanza na yale yasiyopoteza kitu, na kufuta kuachwe hadi chanzo kijulikane.

Maswali mawili yanatosha kuanza nayo. Kwanza, je, programu nyingine ya video, kwa mfano YouTube, inacheza vizuri kwenye kijiti hichohicho? Pili, je, akaunti ileile ya Netflix inacheza kwenye simu iliyounganishwa na Wi-Fi ileile? Unapojibu swali la pili, zima kwanza data ya laini ya simu, la sivyo simu inaweza kuhamia kwenye laini bila wewe kujua na jibu likakupotosha. YouTube na Netflix zikikwama zote mbili kwenye kijiti, tatizo liko kwenye mtandao au kwenye umeme wa kifaa. YouTube ikicheza na Netflix ikagoma kwenye kijiti peke yake, shughulikia programu. Netflix ikigoma hata kwenye simu ilhali mengine yote yanakwenda, chunguza akaunti, au subiri kidogo, kwa maana huenda huduma yenyewe ina hitilafu.

Umeme ndio chanzo kinachosahaulika kuliko vyote. Fire TV Stick ya kawaida huja na chaja ya volti 5 na ampea 1, lakini watu wengi huchomeka waya wake kwenye tundu la USB lililo nyuma ya televisheni, ambalo likiwa la USB 2.0 limekadiriwa kutoa nusu ampea tu. Menyu inaweza kuonekana bila shida, kwa sababu kazi bado ni ndogo. Filamu inapoanza, kifaa kinalazimika kupokea data kwa Wi-Fi na kuifungua picha kwa wakati mmoja, mahitaji ya umeme yanapanda, na hapo ndipo kinapokwama au kujizima na kuwaka upya. Ndugu mmoja aliniita nyumbani kwake baada ya kuifuta na kuirudisha programu mara tatu katika jioni moja. Chaja yake ilikuwa bado imo kwenye boksi, kwa kuwa kijiti kililetwa kutoka Marekani na pini zake bapa hazikuingia kwenye soketi yetu ya matundu matatu. Tuliposoma maandishi madogo ya chaja na kuona inapokea volti 100 hadi 240, tulihitaji adapta ya pini tu, na filamu ikacheza hadi mwisho. Ikiwa chaja yako imepotea, tafuta nyingine ya volti 5 isiyopungua ampea iliyoandikwa kwenye ile ya asili, na usiamini waya wowote mwembamba uliobaki kwenye droo.

Baada ya umeme, pima mtandao. Netflix hupendekeza kasi ya Mbps 3 (megabiti kwa sekunde) kwa picha ya 720p, yaani HD, Mbps 5 kwa 1080p, yaani HD kamili, na Mbps 15 kwa 4K, iliyo kali kuliko zote, na inayo tovuti yake ya kupimia, fast.com, ambayo unaweza kuifungua kwa simu ukiwa umesimama karibu kabisa na televisheni. Mahali pa kupimia pana maana, kwa sababu kasi ya sebuleni ilipo ruta si kasi ya chumba cha nyuma chenye kuta mbili za tofali katikati. Ruta nyingi hutoa mawimbi ya GHz 2.4 na ya GHz 5. Haya ya pili yana kasi zaidi lakini hudhoofika haraka yanapopita ukutani, hivyo kijiti kilicho mbali na ruta kinaweza kutulia zaidi kwenye 2.4. Kumbuka pia kwamba kijiti kimejificha nyuma ya televisheni, na bamba la televisheni lenyewe huzuia mawimbi. Kile kiungio kifupi cha HDMI kinachokuja ndani ya boksi kinasaidia kukisogeza kando.

Kwa anayetumia mtandao wa simu, kuna jambo jingine. Saa moja ya picha ya HD inaweza kufikia GB 3, na ya 4K GB 7, na baadhi ya vifurushi vinavyoitwa vya bila kikomo hupunguzwa kasi mtumiaji anapovuka kiwango fulani. Ikiwa filamu huanza vizuri mwanzoni mwa mwezi na kukwama mwishoni, soma masharti ya kifurushi chako kabla ya kukilaumu kifaa. Unaweza kupunguza ubora wa picha katika mipangilio ya akaunti ya Netflix kupitia kivinjari, na mimi naona picha ya wastani isiyokatika inafaa familia kuliko picha kali inayosimama kila dakika.

Umeme na mtandao vikiwa salama, sasa igeukie programu. Kitufe cha kuzima kwenye rimoti hukilaza kifaa tu, hakikizimi, na kwa hiyo kosa lililomo kwenye kumbukumbu huamka nacho. Bonyeza kwa pamoja kitufe cha katikati na kile cha kucheza na kusimamisha kwa takriban sekunde 5 hadi kijiti kijiwashe upya. Ikiwa bado, ingia “Settings”, kisha “Applications”, halafu “Manage Installed Applications”, uchague Netflix. Hapo anza na “Force Stop”, ambayo huisimamisha programu kabisa; fuata na “Clear Cache”, ambayo huondoa mafaili ya muda bila kugusa akaunti yako; na “Clear Data” iwe ya mwisho, kwa sababu hiyo hukutoa kwenye akaunti. Ujumbe wenye namba UI-800-3 humaanisha kwamba taarifa zilizohifadhiwa kwenye kifaa zinahitaji kufanywa upya, na hatua hizi ndizo dawa yake. Namba NW-2-5, kwa upande wake, inahusu muunganisho wa mtandao, kwa hiyo rudi kwenye ruta. Angalia pia nafasi iliyobaki: matoleo mengi ya kijiti hiki yana hifadhi ya GB 8 tu, na sehemu yake imeshachukuliwa na mfumo, kwa hiyo programu tano usizozitumia zinaweza kuizuia Netflix kujisasisha.

Ukiona ujumbe kwamba watu wengi mno wanatazama, hakuna kilichoharibika. Kila kifurushi cha Netflix kina idadi yake ya skrini za wakati mmoja. Sauti ikisikika bila picha, chomoa kijiti na ukihamishie tundu jingine la HDMI, bila kigawanyishi chochote (kifaa cha kugawa tundu moja la HDMI) katikati, kwa kuwa video zenye ulinzi hukataa kuonekana pale kifaa na televisheni zinaposhindwa kutambuana.

Niseme pia kuhusu visanduku vya Android vya bei nafuu vinavyouzwa Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi. Vingi havina idhini ya Netflix, na hivyo programu ama hukataa kufunguka ama huonyesha picha hafifu hata kwa mtandao wenye kasi, na hakuna kufuta kutakakorekebisha hilo. Baadhi pia hupoteza saa umeme unapokatika. Tarehe ikiwa si sahihi, muunganisho salama hukataliwa, kwa hiyo weka saa ijirekebishe yenyewe kwa mtandao.

Kukirudisha kijiti katika hali ya kiwandani kupo chini ya “My Fire TV”, na usifanye hivyo kabla ya kuandika nywila ya Wi-Fi na ya akaunti zako, na kuhakikisha bando linatosha kupakua programu zote. Usikate umeme kazi inapoendelea. Kijiti kikikwama tena baada ya hapo, kikiwa na chaja sahihi na kimejaribiwa kwenye mitandao miwili tofauti, kipeleke kwa aliyekuuzia pamoja na risiti.