Chaneli yako Mbeya, watazamaji Nakonde na Karonga: leseni inaishia wapi?

Swali ninaloulizwa sana na wanaotaka kufungua televisheni Mbeya na Songwe ni kama leseni ya hapa inawaruhusu kuhudumia watazamaji wa Nakonde, Zambia, na Karonga, Malawi. Hairuhusu. Mawimbi yakivuka mpaka yenyewe, hilo ni suala la masafa ya utangazaji na linamalizwa na serikali. Ukivuka wewe kutafuta biashara, unahitaji kibali cha kule. Fuata mpangilio huu.

1. Jua unaomba nini. Mitambo ya analojia Mbeya ilizimwa Aprili 2013. Tangu hapo kituo kinaandaa vipindi na kumkabidhi msambazaji, ambaye hubeba chaneli nyingi kwenye masafa mamoja hadi kwenye king'amuzi. Kwa hiyo unaomba TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, leseni ya huduma za maudhui (vipindi), si ya kurusha mawimbi. Mtu akikushawishi ununue mtambo wa kurushia, mwulize utaufunga kwa leseni ipi.

2. Kusanya nyaraka: cheti cha usajili wa kampuni kutoka BRELA, namba ya mlipakodi (TIN), mpango wa biashara, ratiba ya vipindi. Kama una mbia wa nje, hisa za Watanzania zisipungue asilimia 51. TCRA ina ofisi ya kanda Mbeya mjini. Wapelekee maswali kabla hujalipa ada yoyote.

3. Chagua eneo la huduma: wilaya, mkoa au taifa. Usikimbilie taifa kwa sifa. Mwulize msambazaji kwanza kama mnara wake unafika Tukuyu na Kyela, maana milima ya Uporoto huzuia mawimbi, na haitakuwa na maana kuota Karonga wakati Tukuyu hawakuoni.

4. Sasa mpaka wenyewe. Masafa ya televisheni ya dijitali katika ukanda wetu yanafuata makubaliano ya Geneva ya mwaka 2006 ya ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, na nchi jirani hupatana ili mnara wa Tunduma usivuruge wa Nakonde. Kazi hiyo ni ya TCRA na wenzao; wewe huandiki barua Lusaka kuomba masafa. Lakini ukitaka msambazaji wa kule akuweke kwenye king'amuzi chake, milango ni tofauti. Zambia imegawa kazi kwa mamlaka mbili: ZICTA inashika masafa, IBA inashika leseni za utangazaji. Malawi, yote mawili yako kwa mamlaka moja, MACRA. Mwambie msambazaji huyo akuonyeshe kwa maandishi kama leseni yake inamruhusu kubeba chaneli ya nje.

5. Soma upya mikataba ya vipindi. Hapa ndipo wengi hukwama hata kama leseni zote zimekamilika. Mpira, filamu na tamthilia huuzwa kwa nchi. Ukinunua kwa Tanzania pekee, kipindi hicho hakiruhusiwi kuonekana kwenye king'amuzi cha Zambia, hata kama Nakonde ni mwendo wa miguu kutoka Tunduma. Kipindi cha kilimo ulichorekodi mwenyewe Mbozi hakina shida hiyo, ndiyo maana nashauri chaneli za mpakani zianze na vipindi vyao.

6. Ukirusha pia mtandaoni, uliza TCRA kuhusu leseni ya maudhui ya mtandaoni. Ina kanuni zake.