Tenki la chumvi, fungua mfuniko uangalie

Wana Tabora wenye visima, kama maji yako magumu, yaani yana chokaa nyingi, na umefunga mashine ya kulainisha, hilo tenki la chumvi usilisahau jamani. Chumvi inayeyuka chini inakuwa maji makali ya chumvi, mashine inayavuta kuosha zile punje za ndani yake zilizonasa chokaa, taka zinatoka kwa bomba la nje.

Mimi niliona chumvi imejaa, sabuni haitoi povu, kumbe juu imeganda kama ukoko wa wali chini patupu kabisa! Chukua mpini wa fagio gonga taratibu mpaka ukoko uvunjike, usitumie nguvu tenki litapasuka. Ukijaza tena ishia nusu, chumvi ipite usawa wa maji. Hata ya Uvinza, ikiwa na mchanga usitie, inaziba.