Makande ya nazi, laini hadi kwenye kiini
Sokoni Kariakoo au Tandika, chagua mahindi yaliyokobolewa yasiyotobolewa na wadudu: nusu kilo, kwa robo kilo ya maharage. Yaloweke usiku kucha, kila kimoja chombo chake.

Asubuhi mwaga maji, injika mahindi kwanza. Baada ya saa moja hivi, punje zikianza kupasuka, ongeza maharage; ukivitia pamoja, maharage huvurugika mahindi yangali magumu. Maji yakipungua, ongeza ya moto. Bonyeza punje kwa vidole: ikisagika yote, imeiva.

Nyanya zisitangulie, uchachu wake huchelewesha maharage kulainika. Kaanga kitunguu, nyanya na chumvi, tia kwenye makande pamoja na tui jepesi. Tui zito huja mwisho, moto mdogo, ukikoroga bila kufunika. Likichemka kwa nguvu litakatika. Epua yakiwa na rojo, maana yakipoa hukauka.