Kabla ya Kuingia Wodini: Mambo ya Kuzingatia Kuhusu Usalama wa Mgonjwa, Maambukizi na Majimaji ya Mwili

Maandalizi ya mwanafunzi wa uuguzi anayetarajia kwenda kwenye mafunzo kwa vitendo, iwe katika hospitali za Dar es Salaam kama Muhimbili, Amana, Temeke na Mwananyamala au kwenye kituo cha afya cha mtaani kwao, yanapaswa kuanza miezi kadhaa kabla ya kushona sare. Sababu ni chanjo ya homa ya ini aina ya B, ambayo hutolewa kwa dozi tatu: ya pili mwezi mmoja baada ya ya kwanza, na ya tatu miezi sita tangu ile ya kwanza. Mwanafunzi aliyechoma dozi moja katika wiki anayoripoti wodini bado hana kinga ya kutegemewa, na hakuna bidii itakayofidia muda huo. Kirusi cha ugonjwa huu hustahimili nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, hata katika damu iliyokwisha kukauka, na mtu asiyechanjwa akijichoma kwa sindano iliyotoka kwa mgonjwa mwenye kirusi hicho, uwezekano wa kuambukizwa huwa kati ya asilimia 6 na 30, kutegemea wingi wa virusi katika damu ya mgonjwa. Kwa VVU uwezekano huo ni karibu asilimia 0.3. Wengi huiogopa VVU peke yake na kuisahau homa ya ini, ilhali hiyo ya pili ndiyo inayoambukiza kwa wepesi zaidi na ndiyo yenye chanjo. Kadi ya chanjo iliyojaa ndiyo iwe ya kwanza kuingia kwenye mkoba, kabla ya kalamu na kipimajoto.

Jambo linalofuata ni kujua majimaji gani ya mwili hubeba nini. Damu, shahawa, ute wa uke, maji ya chupa ya uzazi, maji ya uti wa mgongo, na maji yanayokusanyika kuzunguka mapafu na moyo, tumboni au ndani ya maungio, yote huhesabiwa kuwa yanaweza kuambukiza VVU na virusi vya homa ya ini. Jasho, machozi, kamasi, mkojo, kinyesi na matapishi hayahesabiwi hivyo kwa upande wa VVU, isipokuwa yakionekana kuwa na damu. Mwanafunzi asilichukulie hilo kama ruhusa ya kuyashika kwa mikono mitupu, kwa maana kinyesi ndicho kinachobeba vimelea vya kipindupindu na vya homa ya matumbo, na ugonjwa wa aina hiyo ukiingia wodini hupita kwenye mikono ya wahudumu kabla haujapita kwingine. Kifua kikuu nacho kina njia yake: husambaa kwa hewa mgonjwa anapokohoa, hivyo mgonjwa huvalishwa barakoa ya kawaida, muuguzi huvaa ile ya N95, inayochuja chembe ndogo za hewani, ikiwa imemkaa sawasawa usoni, na madirisha hubaki wazi. Katika jiji hili usiku watu hupenda kufunga madirisha kwa sababu ya mbu. Kwenye wodi ya wagonjwa wa kifua, mbu azuiwe kwa chandarua na hewa iachwe ipite.

Kwa kuwa haiwezekani kumjua mwenye maambukizi kwa kumtazama, mwaka 1996 Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani kilitoa mwongozo wa tahadhari za kawaida, unaotaka damu na majimaji ya kila mgonjwa yachukuliwe kuwa yanaweza kuambukiza, na utaratibu huo ndio unaofuatwa leo karibu kila mahali, hapa kwetu pia. Naomba mwanafunzi alitafakari hili kabla hajafika wodini, kwa sababu ni gumu kiutu kuliko linavyosikika. Bibi aliyeletwa na wajukuu zake, ambaye umemwamkia shikamoo naye akakuitikia marahaba mwanangu, anahitaji glavu zilezile wakati wa kumtoa damu kama kijana aliyeokotwa barabarani baada ya ajali ya bodaboda. Glavu huvaliwa kwa sababu ya damu, hazivaliwi kwa sababu ya mtu. Muuguzi anayezivaa kwa wengine na kuziacha kwa wengine amejiweka hatarini, na pia amemnyanyapaa yule aliyevaliwa.

Hata hivyo, glavu hazichukui nafasi ya kunawa mikono. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2009, lilitaja nyakati tano za kusafisha mikono: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi inayohitaji usafi wa hali ya juu kama kuweka kanula (mrija mdogo wa kwenye mshipa), baada ya kukaribia majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vilivyomzunguka hata kama yeye mwenyewe hujamgusa. Hiyo ya mwisho husahauliwa mno. Mtu hurekebisha shuka, husogeza kabati dogo la kando ya kitanda, kisha huyo anakwenda kitanda cha pili. Kitakasa mikono husuguliwa kwa sekunde 20 hadi 30, na sabuni na maji kwa sekunde 40 hadi 60 kwa jumla, lakini mikono yenye uchafu unaoonekana, au iliyotoka kumhudumia mgonjwa anayeharisha, ni ya kunawa kwa sabuni. Kuna siku maji ya bomba yatakatika. Ulizia mapema ndoo yenye koki iko wapi na nani huijaza. Glavu moja ikipita vitanda vitatu inamlinda aliyeivaa na kuwahatarisha wagonjwa watatu.

Kuhusu vitu vyenye ncha kali, maandalizi ni kuamua mapema kwamba sindano iliyotumika haifunikwi tena kwa kifuniko chake, na kwamba kisanduku cha usalama kitawekwa karibu na mkono kabla sindano haijafunguliwa. Kisanduku kikijaa robo tatu hufungwa na kuletwa kingine. Kusukumiza sindano moja zaidi ndani ya kisanduku kilichojaa ni njia ya kuchomwa na zile zilizotangulia. Ajali ikitokea licha ya yote, jeraha huoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka bila kulikamua wala kulimwagia dawa ya klorini, na jicho lililorukiwa husuuzwa kwa maji mengi safi. Baada ya hapo taarifa hutolewa palepale, kwa kuwa dawa kinga dhidi ya VVU hufaa zaidi zikianzwa ndani ya saa chache, hazina maana kuanzwa baada ya saa 72, na hunywewa kwa siku 28 bila kukatisha. Kwa hiyo katika siku ya kwanza, mwanafunzi amuulize muuguzi kiongozi wa wodi dawa hizo zinapatikana wapi usiku wa manane na siku ya Jumapili, na amwandikie nani taarifa. Maswali hayo akiyaacha hadi aumie, atayauliza akiwa anatetemeka, na aibu inaweza kumnyamazisha hadi muda upite. Aibu hiyo haistahili kuwepo. Mwalimu au msimamizi anayemkaripia aliyechomwa na sindano anawafundisha wenzake kuficha.

Damu au matapishi yakimwagika sakafuni, avaaye glavu hutangulia kuyafyonza kwa kitambaa au karatasi na kuvitupa kwenye pipa la taka zenye maambukizi, kisha humwagia dawa ya klorini ya asilimia 0.5, huiacha dakika 10, ndipo hudeki. Inafaa kujua kuichanganya mwenyewe. Dawa ya Jik yenye klorini asilimia 3.5 huchanganywa sehemu moja kwa sehemu sita za maji, na kanuni yake ni kugawanya nguvu ya dawa iliyomo kwenye chupa kwa nguvu unayoitaka, kisha kutoa moja: 3.5 kwa 0.5 ni 7, ukitoa moja unabaki na 6. Soma kibandiko cha chupa kwanza, maana si kila chupa ina asilimia 3.5. Mchanganyiko huo hupungua nguvu kwa joto na mwanga, vitu ambavyo Dar es Salaam havina uhaba, kwa hiyo hutengenezwa upya kila siku na ndoo hufunikwa. Usiumwage juu ya dimbwi la mkojo ambalo halijafyonzwa, kwa sababu hutoa gesi inayodhuru mapafu.

Sare ivaliwe kituoni na ivuliwe kituoni. Daladala ya Mbagala au Gongo la Mboto saa za jioni ni mbanano wa watu, na sare iliyoshinda wodini haina sababu ya kusugua mabega ya mtoto aliyepakatwa. Kucha ziwe fupi na zisiwe za bandia, pete na saa ya mkononi viachwe nyumbani, na viatu viwe vya kufunika mguu mzima.

Nikija kwenye kumtambua mgonjwa, kosa huzaliwa kwenye namna ya kuuliza. Muuguzi akisema, “Wewe ndiye Asha Juma?” mgonjwa mwenye homa, au bibi asiyesikia vizuri, au mtu anayeona vibaya kumpinga nesi, atajibu “Ndiyo, sista.” Swali salama ni lile linalomtaka ataje mwenyewe: “Mama, naomba unitajie majina yako yote matatu.” Majina matatu ni hazina yetu hapa, kwani katika wodi moja wanaweza kuwapo akina Asha Juma wawili, lakini ni nadra babu zao nao wakawa na jina moja. Hayo majina hulinganishwa na namba ya faili, kisha na dawa iliyoko mkononi, na namba ya kitanda haihesabiwi kuwa utambulisho, kwa sababu wagonjwa huhamishwa na wakati mwingine hulala wawili kitanda kimoja. Asiyeweza kujieleza hutambulishwa na ndugu yake au na utepe wa mkononi.

Hadi hapa nimeyazungumzia majimaji ya mwili kama kitu cha kujikinga dhidi yake. Yana upande wa pili, ambao naona mafunzo mengi huupitia kwa haraka: ni habari za mgonjwa, na anayekimbilia kuyamwaga kwa kuyaogopa huwa amezimwaga habari hizo. Karibu asilimia 60 ya uzito wa mtu mzima ni maji. Kwa mwanamume wa kilo 70 hayo ni lita 42 hivi, theluthi mbili zikiwa ndani ya seli na theluthi moja nje yake, na katika hiyo theluthi ya nje ni lita 3 tu au zaidi kidogo zinazozunguka kwenye mishipa kama maji ya damu. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa amevimba miguu kwa maji huku msukumo wake wa damu ukishuka: maji yapo mwilini, lakini hayako kwenye mshipa. Nje ya seli chumvi kuu ni sodiamu, ambayo kwa kawaida huwa kati ya 135 na 145 kwa kipimo cha milimoli kwa lita. Ndani ya seli ni potasiamu, na ile iliyoko kwenye damu haipaswi kutoka nje ya 3.5 hadi 5 kwa kipimo hichohicho. Nafasi hiyo ni nyembamba mno, na moyo huumia kwa kuzidi na kwa kupungua, hivyo potasiamu ya sindano haisukumwi kamwe moja kwa moja kwenye mshipa.

Kipindupindu kilipolipuka jijini mwezi Agosti 2015, kikianzia Kinondoni, pande hizo mbili zilionekana mahali pamoja. Mgonjwa wa kipindupindu hulazwa kwenye kitanda chenye tundu, na chini yake huwekwa ndoo. Kilichomo ndani ya ndoo ni hatari kwa wodi nzima, na papo hapo ndicho kinachomwambia muuguzi ni kiasi gani cha kurudisha. Mtu mzima wa kilo 50 aliyeishiwa maji kabisa hupewa mililita 30 za maji ya dripu yaitwayo Ringer's lactate kwa kila kilo ndani ya nusu saa ya kwanza, yaani lita moja na nusu, kisha mililita 70 kwa kila kilo kwa saa mbili na nusu zinazofuata, yaani lita tatu na nusu. Ndoo ikimwagwa bila kupimwa, hakuna atakayejua kama maji yanayoingia yanalingana na yanayoendelea kutoka.

Katika siku za kawaida jambo lilelile huonekana kwenye kifuko cha mkojo. Mtu mzima anatarajiwa kutoa angalau nusu mililita kwa kila kilo ya uzito kwa saa, kwa hiyo mwenye kilo 60 akitoa chini ya mililita 30 kwa saa, saa baada ya saa, figo zake au mzunguko wake wa damu una shida. Fanya mazoezi ya hesabu ya dripu kabla ya kuripoti: lita moja kwa saa 8, kwa mpira wa dripu unaotoa matone 20 kwa mililita, ni 1000 mara 20, gawanya kwa dakika 480, yaani matone 42 kwa dakika. Idadi ya matone kwa mililita huandikwa kwenye pakiti ya mpira, nayo hutofautiana.

Chati ya maji yanayoingia na yanayotoka mwilini huharibika zaidi wakati wa kuona wagonjwa. Ndugu huja na uji, supu na chupa ya maji, humnywesha mgonjwa wao kwa mapenzi, humwaga kopo la mkojo chooni, hulisuuza na kulirudisha likiwa safi. Wamefanya wema, na namba imepotea. Waambie mapema, kwa heshima: “Mama, mkojo wa baba msiumwage, niiteni niupime kwanza, na akinywa chochote, niambieni ni vikombe vingapi.” Kikombe wanachokitumia kipime mara moja kwa chupa ya maji ya mililita 500 ili ujue kinachukua kiasi gani, na uwape glavu wale wanaomsaidia mgonjwa kujisaidia, kwani nao wana mikono. Zamu ikikaribia kwisha, jumlisha yaliyoingia na yaliyotoka, weka saini, na umtajie muuguzi anayepokea kwa mdomo kila mgonjwa ambaye mkojo wake umepungua. Kasi ya dripu usiibadilishe wewe mwenyewe. Mwite muuguzi wa zamu, mwonyeshe chati, mhesabu pamoja.