Unataka kuajiriwa studio ya gemu? Anza na gemu dogo lililoisha

Nijieleze kwanza, mi ni programa kwenye studio ndogo ya gemu za simu hapa Dar, tuko watu saba tu, na tukitangaza nafasi mi ndo naachiwa kupitia maombi. Napitia usiku nikiwa hoi, kwenye simu, mara nyingi nipo kwenye foleni ya mwendokasi. Hilo lishike, maana hatua zote zinaanzia hapo.

Hatua ya 1: chagua mlango mmoja

Ukiniandikia we ni programa, mchoraji, mtunga stori na unapiga biti, sijui nikuweke wapi. Sisi wadogo tunapenda mtu wa vitu viwili, sawa, ila tutakuuliza tu kipi ndo chako. Na kuna mlango watu wanaupita, wa kupima gemu. Mtu akiniletea ripoti ya bagi, yaani kosa ndani ya gemu, iliyokaa vizuri, simu gani, Android ya ngapi, nibonyeze nini nikifuatisha na nini niione tena, huyo namuita hata kama hajawahi kuandika mstari wa kodi, yaani maandishi ya programu.

Hatua ya 2: tengeneza gemu dogo, ulimalize

Dogo kweli, dakika tatu linaisha. Lina menyu, unashinda au unashindwa, linaanza upya, sauti inazimika. Watu wanaanza na mji mzima wenye magari na polisi, miaka miwili baadaye wana barabara moja na gari linaloelea. Programu za kujengea zipo, Godot ni bure, Blender ya kuchora 3D ni bure, Unity ina leseni ya bure kwa anayeanza, Unreal nzuri sana ila laptopu ya mtumba itageuka pasi.

Kuna dogo alileta gemu la kuku anarukia mapaa ya mabati. Michoro ya ovyo, kuku mwenyewe ni boksi lenye mdomo, lakini ile kuruka jamani ilikuwa tamu, nikalicheza mpaka nikapitiliza kituo. Nilipomuuliza akasema kuku akishavuka ukingo wa bati bado anamruhusu kuruka kwa fremu sita (fremu ni picha moja ya skrini), yaani sekunde 0.1 kwenye gemu la fremu 60 kwa sekunde, kwa sababu kidole cha mtu huwa kinachelewa kidogo na mchezaji akidondoka hivyo anaona ameonewa. Ujanja huo ni wa zamani, hakuuvumbua yeye, ila alijua kwa nini ameuweka. Hicho ndo tunachotafuta.

Hatua ya 3: lifunguke kwa kugusa mara moja

Weka itch.io, tovuti ya kupakia gemu, toleo la kucheza kwenye brauza, na ulijaribu mwenyewe kwenye simu ya jirani kabla hujatuma. Mmoja alinitumia zipu ya GB 2 ya Windows, saa nne usiku, bando langu limebaki MB 600. Sikuifungua na wala sijutii. Ukiweza ongeza video ya sekunde 30, ianze gemu linachezwa, sio logo yako inazunguka. Mchoraji wa 3D nionyeshe na mistari ya modeli bila rangi, maana rangi inaficha mengi.

Hatua ya 4: sema ulifanya nini wewe

Kama ni kazi ya kikundi andika wazi, mimi nilifanya adui na menyu, basi. Tukikuta kwenye Git, panaporekodiwa nani kabadilisha nini kwenye kodi, jina lako limetokea mara moja na ulibadilisha rangi ya kitufe, imekula kwako. Kama huna kikundi subiri Global Game Jam, ipo kila mwaka mwishoni mwa Januari tangu 2009, mnatengeneza gemu ndani ya siku chache na watu hamjuani, utajua haraka kama unaweza kukaa na watu.

Hatua ya 5: intavyuu na mtihani

Nitafungua kodi yako nikuulize, ukizidisha mvutano, yaani nguvu inayomrudisha chini, mara mbili kuku ataruka kiasi gani? Nusu ya mwanzo, kama kasi ya kurukia hujaigusa. Halafu nitauliza mbona kuku anakimbia mara mbili kwenye simu ya Hz 120, yaani skrini inayobadilika mara 120 kwa sekunde badala ya 60, na hapo wengi wanakwama kwa sababu mwendo waliuhesabu kwa fremu badala ya kwa muda. Tutorio ya YouTube umeifuata, hakuna shida, wote tumepita huko, ila uwe umeivunja na kuijenga tena.

Mtihani wa saa tatu nne fanya. Wakitaka wa wiki nzima pamoja na faili zote, uliza malipo kwanza. Mi niliwahi kufanya wa siku sita kwa studio moja nikiwa ndo naanza, hawakujibu hata imeili, miezi mitano baadaye nikapakua gemu lao jipya nikakuta menyu yangu, mpaka na ile herufi niliyokosea.