Kabla ya kumwita fundi: nyumba isiyokula umeme wala makala hapa Goma

Kabla ya kulipa hata dola moja ya kiwanja, nenda ukikague alfajiri, upepo ukiwa umetulia. Sababu nitakueleza.

Madirisha makubwa yatazame mashariki. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, usiku ni baridi, na jua la asubuhi linapasha nyumba bure. Chini ya mabati weka dari. Kuta ziwe za jiwe la volkano. Unalikanyaga kila siku, ya nini kununua matofali yaliyochomwa kwa miti? Paneli za jua ziinamishe kidogo, mvua izioshe. Maji ya mvua yavune, lakini moshi wa volkano ya Nyiragongo, hapo juu ya mji, huyatia asidi na floridi: ya kufulia na kudeki sawa, ya kunywa tafuta kwingine.

Sasa shimo. Mimi nilijenga upande wa Lac Vert, lile ziwa dogo magharibi mwa mji. Sikutaka friji, nikamwagiza fundi anichimbie stoo ya chini, mita mbili ndani ya mwamba, chakula kikae baridi bila umeme. Aliniuliza kama nimeongea na wenyeji. Nikamwambia achimbe tu. Wiki ya tatu, asubuhi, tukakuta kuku wanne mle chini wamelala, hawana jeraha hata moja. Mwanangu alikuwa ameshashuka ngazi mbili kuwaokota. Mama jirani akapiga kelele: "Mutoe mtoto! Ni mazuku!" Nilimvuta kwa shati. Baadaye tukateremsha taa ya mafuta kwa kamba. Ikazimika kabla ya kufika katikati.

Mazuku ni kaboni dioksidi inayopenya kwenye nyufa za ardhi. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, kwa hiyo hutuama mabondeni na mashimoni, hasa usiku na alfajiri. Huioni, huinusi. Na usijipimie kwa taa kama sisi: ikiendelea kuwaka, hiyo si ruhusa ya kushuka.

Shimo tulilifukia kwa mawe siku hiyohiyo. Chakula sasa kinakaa kwenye kabati la wavu barazani, penye kivuli, na hakiharibiki haraka.

Kwa hiyo waulize wazee mbuzi wao hufia wapi. Ukiona mijusi na wadudu wamekufa kwenye kibonde, hapo usijenge. Uliza pia kituo cha uchunguzi wa volkano, OVG, kabla ya kuchimba choo au tangi. Tangi likae juu ya ardhi, sakafu iinuliwe, watoto wasilale chini. Hati za kiwanja zisomwe na mtu anayejua. Jiko la makala lisilale ndani na watu, hata liwe banifu namna gani. Na geti liwe pana, lifunguke upesi: tarehe 22 Mei 2021 lava ya Nyiragongo ilianza kushuka jioni, na watu walikimbia gizani.