Kinyonga wa Kufuga Akianguka: Saa za Kwanza na Wiki Zinazofuata

Kinyonga mwenye afya haanguki ovyo. Vidole vyake hubana tawi kama koleo, mkia nao hushika, na hata akijiachia makusudi kukwepa hatari hujijaza hewa mwilini kabla ya kutua. Akidondoka kutoka juu ya kizimba una kazi mbili: kumhudumia, na kutafuta kilichomwangusha. Ya pili ndiyo wengi huisahau, na wiki mbili baadaye anaanguka tena.

Maelezo haya yanamhusu kinyonga wa Yemen, mmoja wa wanaofugwa sana Ulaya na Marekani. Kwa mijusi wengine hatua ni karibu zilezile, ila viwango vya joto hutofautiana.

Kwanza, usimnyakue. Mtazame dakika mbili tatu palepale alipoangukia. Kama uti wa mgongo umeumia, kumshika kiwiliwili na kumnyanyua kunaweza kumpoozesha kabisa. Akiwa anatembea, mwekee kijiti mbele apande mwenyewe. Asipojongea, pitisha kadibodi ngumu chini ya tumbo lake, umwinue akiwa juu yake.

Sasa mkague bila kumvuta kiungo chochote. Gusisha kijiti kwenye kila kiganja uone kama anakunja vidole. Mguu uliovimba, unaoning'inia, au uliopinda mahali pasipo na kiungo huenda umevunjika. Mkia pia uangalie: tofauti na mjusi kafiri, kinyonga haachi mkia wala hauoti upya, kwa hiyo kona ya ghafla mkiani ni jeraha. Macho yazunguke, kila moja kivyake. Kinyonga anayefumba macho mchana anaumwa. Rangi nyeusi peke yake isikutishe, inaweza kuwa hofu tu, mradi irudi kawaida baada ya saa moja mbili.

Mpeleke kwa daktari siku hiyohiyo ukiona damu mdomoni au kwenye tundu la haja, ulimi unaoning'inia, miguu ya nyuma isiyosogea, kuhema mdomo wazi, mguu uliopinda, au kama ni jike mwenye mayai, kwani mayai yakipasukia ndani humuua. Piga simu kwanza uulize kama daktari amewahi kutibu mijusi na kama ana mashine ya eksirei. Safari iwe ndani ya boksi lenye matundu, taulo chini, giza, joto la nyuzi 24 hadi 27. Chupa ya maji ya moto isimguse: mijusi huungua bila kujisogeza.

Usimpe panado wala dawa nyingine ya maumivu ya binadamu. Usimfunge mguu kwa vijiti na plasta. Bandeji mbaya hukata damu na kuchuna ngozi. Usimkamulie maji mdomoni akiwa mnyonge, yataingia mapafuni.

Akirudi nyumbani, kizimba kigeuzwe cha mgonjwa. Ondoa matawi ya juu, tawi la mwisho liwe sentimita 20 tu kutoka sakafuni. Tandika taulo zilizokunjwa, juu yake karatasi za jikoni ili uone choo chake. Hapa ndipo kosa kubwa hutokea: matawi yanashushwa, taa inabaki juu. Mgonjwa anakaa wiki nzima kwenye baridi bila miale ya UVB, ile isiyoonekana iliyomo kwenye mwanga wa jua, na bila miale hiyo mwili hautengenezi vitamini D3 ya kutosha kuingiza kalsiamu mifupani. Shusha taa zote mbili, ya joto na ya UVB, umbali kati yake na mgongo wa kinyonga ubaki uleule. Weka kipimajoto juu ya tawi lenyewe: nyuzi 29 au 30 panatosha. Jua la dirishani halihesabiki, kioo huzuia UVB.

Chakula kisubiri hadi kesho yake. Maji ndiyo ya haraka: nyunyizia majani asubuhi na jioni, maana kinyonga hulamba matone na kwa kawaida hajali bakuli. Sehemu nyeupe ya choo ikigeuka rangi ya chungwa, amekaukiwa. Kisha mpe nyenje wadogo kwenye kikombe karibu na mdomo, wasiozidi upana wa nafasi kati ya macho yake, waliopakwa unga wa kalsiamu isiyo na D3. Yenye D3 mara mbili kwa mwezi inatosha, ikizidi hudhuru figo. Mpime kwa mizani ya jikoni kila baada ya siku tatu. Aliyekuwa gramu 150 akifika 135, rudi kwa daktari.

Kuhusu sababu, anza na taa. Balbu ya UVB huendelea kung'aa huku miale yake imekwisha. Hubadilishwa kila miezi 6 hadi 12 kulingana na aina. Miguu iliyopinda upinde au taya laini ni dalili ya mifupa iliyokosa kalsiamu, na mifupa hiyo huvunjika hata kwa anguko dogo. Jike hutaga hata bila dume: akisusa chakula na kuzurura sakafuni, huenda anatafuta pa kutagia, mpe ndoo yenye mchanga mbichi wa kina cha sentimita 30. La mwisho ni kizimba: matawi membamba, yanayoteleza au yasiyokazwa.

Mfupa wa mjusi huunga polepole kuliko wa paka au mbwa. Tegemea wiki 6 hadi 8, mara nyingi zaidi. Kuanza kutembea si kupona. Eksirei ikionyesha mfupa umeunga, pandisha tawi sentimita 10 kila wiki, na taa ipande nalo.